Mkate wa Jana Hautoshi

SABATO ALASIRI

Soma kwa Ajili ya Juma Hili: Kutoka 16, Hesabu 11:4–9, Kumbukumbu la Torati 8:2, 3, Yoshua 5:10–12, Marko 1:21–39, Yohana 6:22–69, Matendo 17:10–12, 2 Wakorintho 8:13–15.

Fungu la Kukariri: Mathayo 6:11. Lisome katika Biblia yako kila siku juma hili, kisha ulikariri pamoja na darasa lako siku ya Sabato.

Mwezi mmoja baada ya kutoka Misri, Waisraeli walikuwa katika bara ya Sini, kati ya Elimu na Sinai, na chakula kilikuwa kimewaishia. Watu walewale walioimba ng'ambo ya Bahari ya Shamu sasa walizikumbuka sufuria za nyama za Misri na kutamani wangalifia huko. Wimbo wao wa ushindi ulikuwa wa kweli. Lakini haukuweza kuwashibisha mwezi uliofuata.

Hali hiyo ingali makanisani. Mshiriki anaweza kusimulia vizuri siku aliyobatizwa: mchungaji aliyemzamisha, baridi ya maji, wimbo ulioimbwa kando ya mto. Anakumbuka mahubiri ya makambi ya mwaka jana. Lakini akiulizwa Bwana amemwambia nini juma hili, anakosa la kusema. Mtu huyo si mnafiki. Ana njaa, na pengine hajui kwamba ni njaa.

Juma hili tunajifunza habari za mana. Tutaona kwamba Mungu hakuwapa watu wake chakula tu. Aliwapa pia utaratibu wa kukipokea. Utaratibu huo ndio unaoiweka imani hai hata leo.

*Jifunze lesoni ya juma hili kwa maandalizi ya Sabato ijayo.

JUMAPILI
Riziki ya Siku kwa Siku Yake

Soma Kutoka 16:1–5 na Kumbukumbu la Torati 8:2, 3. Mungu angeweza kuwapa watu wake chakula cha mwaka mzima kwa mara moja. Kwa nini aliwapa cha siku moja?

Waisraeli walijua sana habari za ghala. Kutoka 1:11 inaeleza kwamba walipokuwa watumwa walimjengea Farao miji ya kuwekea akiba, Pithomu na Ramesesi. Kwa miaka mingi waliona kwa macho yao kwamba mwenye ghala ndiye mwenye nguvu. Sasa Mungu akawapeleka jangwani, mahali pasipo shamba wala ghala. Kila jioni mama alilala chungu kikiwa kitupu, na kwa ajili ya watoto wake kesho yake hakuwa na kitu ila neno la Mungu.

Hilo lilikuwa jaribu, kama Kutoka 16:4 inavyosema. Baadaye Musa alifafanua kusudi lake: watu wajue kwamba mwanadamu haishi kwa mkate peke yake. Mana ilikuwa chakula, na ilikuwa pia shule.

Biblia haipingi kuweka akiba. Mithali 6:6–8 inamsifu chungu anayekusanya chakula chake wakati wa mavuno, na mkulima mwenye busara hufanya vivyo hivyo. Lakini uhusiano hauwekwi ghalani. Mume hawezi kumpa mkewe mwezi wa Januari salamu za mwaka mzima. Mtoto hawezi kuzungumza na baba yake mara moja, kisha akanyamaza hadi likizo ijayo, na bado wakajuana vema. Vivyo hivyo, anayemwomba Mungu leo hajamaliza maombi ya kesho.

Tuangalie pia jambo ambalo watu hawakulifanya. Hawakuilima mana, hawakuipanda, wala hawakuinyeshea. Walitoka na kuiokota tu. Kusoma Neno na kuomba kila siku hakumnunulii mtu kibali mbele za Mungu. Wokovu ni zawadi iliyokwisha kutolewa katika Kristo. Ibada ya kila siku ni mkono ulionyoshwa kuipokea.

Ni jambo gani katika maisha yako ambalo limekuwa ghala lako, yaani kitu unachokitegemea kiasi kwamba huoni tena haja ya kumwomba Mungu riziki ya leo?

JUMATATU
Kabla Jua Halijawa Kali

Soma Kutoka 16:13–21. Nini kilitokea kwa mana jua lilipokuwa kali? Kisha soma Marko 1:21–39. Yesu alitumiaje mapambazuko ya siku ile?

Umande ulipoondoka, mana ilionekana juu ya nchi. Ilikuwa na wakati wake. Aliyechelewa hakupigwa wala hakukemewa. Alikuta tu imekwisha kuyeyuka. Jua halikuwa ovu. Lilifanya kazi yake ya kila siku, na mana ikatoweka.

Jua la nyakati zetu huchomoza mapema sana. Mtu hajaketi kitandani, na simu imekwisha kumpa habari za misiba, za siasa, za mpira na za bei ya mafuta. Vikundi vitatu vimemwandikia usiku, na mmoja wao anadai mchango. Mambo hayo si dhambi. Lakini yakitangulia, moyo unakuwa umeshajaa kabla Biblia haijafunguliwa, na kinachobaki ni sala fupi mlangoni huku mkono mmoja ukiwa kwenye kitasa.

Sasa tumtazame Yesu huko Kapernaumu. Ilikuwa Sabato yenye kazi nyingi: alifundisha katika sinagogi, akamtoa mtu pepo mchafu, akamponya mkwewe Simoni. Jua lilipokuchwa, mji mzima ulikusanyika mlangoni na wagonjwa wao. Kama kuna mtu aliyestahili kulala hadi jua lipande, ni yeye. Hata hivyo aliamka kungali giza, akaenda mahali pasipo watu, akaomba. Simoni na wenzake walipompata walimwambia kwamba watu wote wanamtafuta. Lakini Yesu alijua anakopaswa kwenda: si kurudi kwenye umati, bali kwenye vijiji vya jirani. Umati haukumpangia kazi, kwa sababu alikuwa amekwisha kuzungumza na Baba yake.

Mama anayewahi sokoni saa kumi alfajiri na mlinzi anayetoka zamu saa kumi na mbili asubuhi hawana asubuhi moja. Huenda mlinzi atafungua Biblia yake wakati wengine wanakwenda kazini. Jambo kuu ni kumpa Mungu nguvu za kwanza, si masalio. Wala kipimo si wingi wa kurasa. Kutoka 16:17, 18 inasema wengine waliokota zaidi na wengine kidogo, wala hakuna aliyepungukiwa. Mafungu matano yaliyosomwa taratibu na kuombewa yanaweza kumlisha mtu kutwa nzima.

Je, ni kitu gani hukitangulia Neno la Mungu katika asubuhi yako? Ungelazimika kubadili nini usiku uliotangulia ili asubuhi ibadilike?

JUMANNE
Kwa Ajili ya Walio Hemani Mwako

Soma Kutoka 16:16 pamoja na 2 Wakorintho 8:13–15. Nani alipaswa kunufaika na mana aliyookota mtu mmoja?

Agizo lilikuwa pishi moja kwa kila kichwa, kwa hesabu ya watu waliomo hemani. Katika kambi ile walikuwamo watoto wachanga, wazee wasioweza kuinama, wagonjwa, na mama waliojifungua juzi. Hao wote walikula kwa sababu mtu fulani wa nyumbani mwao aliamka mapema na kuinama kwa niaba yao.

Ndiyo maana ya madhabahu ya familia. Katika nyumba nyingine baba ndiye anayewaita watu kwenye ibada. Katika nyingine ni mama. Na zipo nyingi ambamo bibi ndiye anayewakusanya wajukuu jioni, akaanzisha wimbo anaoujua kwa moyo. Ibada hiyo haihitaji kuwa ndefu. Mtoto anayesinzia kwenye ibada ya saa nzima anaweza kukumbuka maisha yake yote dakika kumi zilizokuwa na kisa kimoja cha Biblia, wimbo mmoja, na sala iliyomtaja kwa jina lake na mtihani wake wa kesho.

Lakini kuna mpaka. Mzazi aliweza kuileta mana hemani, asiweze kuimeza kwa niaba ya mwanawe. Siku inakuja ambapo mtoto atatoka na kikapu chake mwenyewe, na atakuwa amejifunza kuinama kwa kumwona mzazi akiinama. Vijana huwasikiliza wazazi wao wakisema juu ya maombi, lakini zaidi ya hapo hukumbuka kama waliwahi kuwakuta wakiomba.

Mtume Paulo anaipeleka mana mbali zaidi ya hema moja. Alipowaomba Wakorintho wawachangie watakatifu maskini wa Yerusalemu, alirudi kwenye Kutoka 16: aliyekusanya vingi hakuzidiwa, wala aliyekusanya vichache hakupungukiwa. Kwake mana lilikuwa somo la kanisa. Ibada ya asubuhi inayoishia kinywani mwa mwenyewe haijafika mwisho wake. Katika kila kanisa yuko mjane ambaye macho yake hayaoni tena herufi, naye analipenda lesoni. Yuko mgonjwa ambaye hajafika kanisani tangu robo iliyopita. Mtu akipita jioni na kuwasomea ukurasa wa siku ile, mana imefika kwenye hema la pili.

Ni nani katika kanisa lako asiyeweza kujiokotea kwa sasa? Darasa lako litamfikiaje juma hili?

JUMATANO
Mabuu Ndani ya Chungu

Soma Kutoka 16:19–21 na Hesabu 11:4–9. Kwa nini watu wengine waliiweka mana hadi asubuhi? Na kwa nini baadaye walichoka nayo?

Waliobakiza mana hawakuiba, wala hawakuabudu sanamu. Pengine walihofia kesho. Pengine walitaka kulala kidogo asubuhi itakayofuata. Lakini kulipokucha, chakula kile kile kilichokuwa kitamu jana kilikuwa na mabuu na uvundo.

Fikiria mzee wa kanisa mwenye miaka ishirini katika huduma. Ufunguo wa kanisa uko mfukoni mwake. Anajua taratibu zote za meza ya Bwana, na akiombwa kuhubiri ghafla anafungua daftari lake la zamani na kupata hubiri lililokwisha kuwabariki watu. Sala yake mbele ya kusanyiko ni nzuri, kwa kuwa maneno yake yanajulikana. Kisha usiku mmoja mwanawe anaugua ghafla. Hospitalini, kwenye benchi, peke yake, anafumba macho aombe, na yanamjia maneno yale yale ya madhabahuni. Anayasikia kama yanasemwa na mtu mwingine. Ndipo anapogundua kwamba ni miezi mingi hajazungumza na Mungu pasipo watu kumsikiliza. Kazi ya Bwana ilikuwa imechukua nafasi ya Bwana mwenyewe.

Hatari hiyo huwapata zaidi wale wanaotumika sana: wachungaji, mashemasi, walimu wa Shule ya Sabato, viongozi wa kwaya. Mikono inayogawa mkate kila Sabato inaweza kuwa ya mtu mwenye njaa.

Hesabu 11 inaonyesha hatari ya pili, ambayo ni uchovu. Watu walisema roho zao zimekauka, hawaoni kitu ila mana hii. Lakini angalia Hesabu 11:8. Mana ilisagwa, ikatwangwa, ikatokoswa, ikaandaliwa mikate. Ilitaka kazi ya jikoni. Mtu anayepitisha macho juu ya sura ili aweke alama kwamba amesoma, atachoka upesi. Anayelichukua fungu moja, akajiuliza linasema nini juu ya Mungu, akalifikiri akiwa njiani au shambani, akaligeuza kuwa sala, ndiye anayesaga na kutwanga.

Na yule aliyeamka akakuta mabuu? Usiishie kwenye fungu la 20. Musa aliwakasirikia, lakini fungu la 21 linasema waliendelea kuiokota kila asubuhi. Uvundo wa usiku ule haukumfanya Mungu aifute mana ya kesho yake. Mzee yule wa kwenye benchi hakuhitaji kwanza kulipia miezi iliyopotea. Alihitaji kusema kwa maneno yake mwenyewe, hata kama ni mawili tu: "Bwana, nisaidie." Asubuhi nyingine ilikuwa inakuja, na mana ndani yake.

ALHAMISI
Siku ya Sita na Siku ya Saba

Soma Kutoka 16:22–30. Ni mambo gani matatu yaliyoitofautisha Sabato na siku nyingine kwa njia ya mana?

Siku ya sita watu waliokota pishi mbili kwa kila mtu. Siku ya saba mana haikuonekana kondeni. Na ile iliyowekwa kwa ajili ya Sabato haikuoza. Haya yalitokea kabla ya watu kufika Sinai na kusikia Amri Kumi za Kutoka 20. Sabato haikuanzia Sinai. Ilikuwapo, na Mungu aliishuhudia kila juma kwa chakula cha watu wake.

Lakini kuna somo lingine ambalo ni rahisi kulipita. Baadhi ya watu walitoka siku ya saba kuokota, wasipate kitu. Sabato haikuwekwa iwe siku ya kutafuta kile ambacho mtu hakukitafuta siku sita. Ilikuwa siku ya kuketi na kula kilichokusanywa na kuandaliwa.

Ijumaa mchana nyumba za Waadventista huwa na shughuli. Nguo zinapigwa pasi, chakula kinapikwa, viatu vinang'arishwa, watoto wanaogeshwa kabla jua halijatua. Maandalio hayo ni mazuri. Lakini kikapu cha moyo nacho kinaandaliwa? Katika madarasa mengi mwalimu huuliza swali la kwanza, na darasa likanyamaza. Anauliza tena, watu wanafungua kurasa haraka. Mwishowe mwalimu anageuka mhubiri, kwa sababu yeye peke yake ndiye aliyeokota. Darasa la watu kumi ambao kila mmoja amekuja na pishi yake ni karamu. Waberoya walimsikia Paulo mwenyewe, na bado waliyachunguza maandiko kila siku (Matendo 17:11).

Soma Yohana 6:22–35 na 60–69. Umati ulimtafuta Yesu kwa sababu gani?

Ilikuwa siku moja baada ya kulishwa watu elfu tano. Umati ulivuka bahari kumfuata Yesu, lakini ulitaka mkate wa jana urudiwe. Wakamtajia mana ya baba zao. Yesu akawaambia kwamba mkate wa kweli utokao mbinguni ni yeye mwenyewe. Wengi wa wanafunzi wake waliliona neno hilo gumu, wakarudi nyuma. Alipowauliza wale kumi na wawili kama nao wanataka kuondoka, Petro alijibu kwamba hawana mwingine wa kumwendea. Maneno ya uzima yako kwake.

Hapo ndipo lesoni lote linapofika. Tunachookota asubuhi si kurasa, wala alama ya kujifunza siku saba kwenye rejesta ya darasa. Tunakwenda kukutana na Mtu. Anayemjua Kristo juma zima huingia kanisani Sabato kama anayekaribishwa mezani na rafiki.

IJUMAA
Kwa Kujifunza Zaidi

Mana ilidumu miaka 40. Kwa kuhesabu siku sita za kila juma, hizo ni zaidi ya asubuhi 12,000. Mungu hakukosa hata moja. Ilikoma Gilgali, siku iliyofuata baada ya watu kula mazao ya nchi ya Kanaani (Yoshua 5:12). Haikukoma njiani, ilikoma walipofika.

Pishi moja iliwekwa mbele za Bwana ili vizazi vijavyo viione (Kutoka 16:32–34). Kwa hiyo mambo ambayo Mungu alitutendea zamani yana mahali pake. Ubatizo wetu, maombi yaliyojibiwa, makambi yaliyotugeuza, yote ni chungu cha ukumbusho. Tuyasimulie kwa watoto wetu. Ila chungu kile hakikuwekwa ili kiliwe.

Katika kitabu chake cha mwaka 1890 kinachosimulia habari za wazee wa imani na manabii, Ellen G. White anaeleza safari ya kutoka Bahari ya Shamu hadi Sinai, na anaonyesha jinsi mwujiza wa mana ulivyoishuhudia Sabato kila juma. Sura hiyo inafaa kusomwa leo kabla ya kuifungua Sabato.

Shule ya Sabato yenyewe ilianza kwa kuokota njiani. Mwaka 1852 James White aliandika lesoni za kwanza kwa ajili ya vijana akiwa safarini kwa gari la farasi kuelekea jimbo la Maine, Marekani. Farasi alipopumzika na kula, yeye aliketi kando ya barabara na kuandika. Hakungoja apate ofisi wala nafasi tulivu.

Maswali ya Kujadili:

1. Mshiriki mmoja anasema, "Nimejaribu mara nyingi kuwa na ibada ya asubuhi, na kila mara nimeshindwa. Sasa naona aibu kuanza tena." Kwa kutumia Kutoka 16:20, 21, mngemwambia nini?

2. Mtu anaweza kujifunza kila siku ili tu ahesabiwe kwenye rejesta ya darasa. Tunawezaje kuitunza desturi hiyo njema bila kuigeuza kuwa ya kujionyesha?

3. Tunawezaje kuwasaidia wazee wa kanisa, walimu na viongozi wa kwaya wasiwe watu wanaowalisha wengine huku wenyewe wakiwa na njaa? Ni majukumu gani tunayowabebesha ambayo tungeweza kuyagawana?

4. Darasa lenu likubaliane fungu moja la kusoma kila asubuhi juma lijalo. Sabato ijayo, kabla ya kufungua lesoni, kila mmoja aseme kwa sentensi moja alichookota.

Muhtasari: Mungu aliwalisha watu wake siku kwa siku ili wamjue yeye siku kwa siku. Kristo ndiye mkate ulioshuka kutoka mbinguni. Ibada ya jana ilikuwa kwa ajili ya jana. Kesho alfajiri, umande ukiondoka, atakuwapo tena.